Kitufe Kibovu Kisikufungie Mlango

Kompyuta mpakato ya zamani huwa na vitufe vilivyochoka. Vumbi na makombo huingia chini yake. Siku moja kompyuta inakuuliza neno la siri, na herufi moja ya neno hilo haiandikiki! Hesabu za hisa na mikopo ya kikundi zimo humo ndani. Je, ndiyo basi? Hapana. Fuata hatua hizi:

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme. Igeuze kichwa chini, igonge taratibu. Safisha vitufe kwa brashi laini iliyo kavu.

2. Bado? Kama ni ya Windows, tazama pembeni chini ya kioo: Windows 10 na 11 upande wa kulia, Windows 7 upande wa kushoto. Kuna alama ndogo ya kuwasaidia wenye ulemavu. Ibofye, chagua kibodi ya kwenye kioo. Vitufe vitatokea hapo hapo. Bofya kimoja kimoja kwa kipanya. Walio karibu wageuze macho!

3. Au azima kibodi ya nje yenye waya wa USB, uichomeke ubavuni.

Jihadhari: usimruhusu mtu aifute kompyuta yote kwa sababu ya kitufe kimoja. Hesabu zenu zitapotea. Mkishaingia, zinakilini kwenye flashi siku hiyo hiyo. Na daftari la karatasi msilitupe.