JICHO LINALOVIMBA BAADA YA MAFUA

Ndugu mfanyakazi, umetoka kazi ya usiku, unafika nyumbani Lusenda, na mama watoto anakuonyesha mtoto: mafua tangu siku 6, makamasi ya kijani, homa inapanda, na leo asubuhi jicho la kushoto limevimba hata halifunguki. Jirani anasema ameumwa na mdudu. Mwingine ameshaleta maji ya majani ya kutia jichoni. Mrudishie majani yake.

Ndani ya mifupa ya uso, kando ya pua, mna vijumba vya hewa. Mafua yakiviziba, usaha hujaa humo, ndiyo sinuziti. Kati ya vijumba hivyo na jicho kuna ukuta wa mfupa mwembamba kama karatasi, na usaha huupita. Mwaka 1970 munganga Chandler na wenzake wa Marekani walipanga hatari hiyo kwa madaraja 5. La kwanza ni kope kuvimba tu. La 5 ni damu kuganda katika mshipa mkubwa nyuma ya jicho, na hapo mgonjwa anaweza kufa.

Nawa mikono, fungua kope polepole. Jicho linaona? Linafuata kidole chako pande zote bila maumivu? Kama limesukumwa mbele, halizunguki, mgonjwa anaona vitu viwili viwili, au kitambaa chekundu anakiona kimefifia, ubaya umeshafika nyuma. Mshipa wa kuonea ukibanwa, saa chache zinatosha kumpofusha. Vidonge vya sokoni haviwezi kitu hapo. Hospitali ya Nundu haiko mbali: nendeni, hata usiku. Kapita ataambiwa baadaye.

Huko mtoto hutiwa antibiotiki mshipani mara moja, bila kungojea picha, na kuona kwake hupimwa mara nyingi kwa siku. Kuona kukipungua, ama siku 1 au 2 zikipita bila nafuu, atapelekwa kwenye hospitali kubwa yenye skaneri na munganga wa pua, ili usaha utolewe. Mara nyingi hupitia puani, bila kukata uso.

Siku ya 3 uvimbe ukishuka, wazazi wengi huomba kurudi nyumbani. Msiombe. Na mkisharuhusiwa, vidonge huendelea mpaka siku aliyoandika munganga, hata kama mtoto anacheza mpira.