Furaha Haingoji Foleni Iishe: Funzo kutoka Germantown

Familia nyingi za Waswahili hapa Ghuba zina ndugu, mtoto au mkwe aliyehamia Marekani. Tukiwapigia simu hutujibu "Alhamdulillah, hatujambo", lakini ukisikiliza vizuri utaisikia sauti ya uchovu. Tuchukue mfano wa Germantown, mji wa jimbo la Maryland ulio kiasi cha kilomita 45 kaskazini-magharibi ya Washington. Udhia wa huko si mkubwa kama msiba, lakini unarudi kila siku, na ndio unaomchosha mtu.

Udhia wa kwanza ni njia. Treni za mjini Washington hazifiki Germantown. Mstari mwekundu unaishia Shady Grove. Ipo treni nyengine, MARC, inayopita mjini hapo, lakini Jumamosi na Jumapili haiendi. Kwa hivyo wengi hutegemea gari na barabara ya 270, ambayo asubuhi na jioni hufurika. Wa pili ni majira. Mwezi wa Disemba jua huchwa kabla ya saa 11 jioni, na Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huingia ndani ya saa tano, mtu akiwa bado kazini. Mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa 2 na nusu usiku, na Isha huwakuta watoto wamelala.

Furaha basi itoke wapi? Kwanza, tutenganishe udhia unaoondoka na usioondoka. Upo unaoondoka kwa kushikana. Wazazi Waislamu wa Montgomery, wilaya ambayo Germantown imo ndani yake, waliomba miaka mingi skuli zifungwe siku ya Idi. Novemba 2014 bodi ya elimu ilijibu kwa kufuta majina ya sikukuu zote za dini katika kalenda ya skuli, Krismasi ikiwemo, na Idi isiongezwe. Wengi walivunjika moyo, lakini hawakunyamaza. Mwaka mmoja baadaye bodi ilikubali wanafunzi wasiende skuli tarehe 12 Septemba 2016, siku ya Idi el-Hajj. Lau wangesema "ndiyo maisha ya ugenini", watoto wao wangeendelea kuchagua baina ya darasa na sala ya Idi.

Foleni na majira ya baridi havipigiwi kura. Hapo inabaki namna ya kuijaza siku. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 909 wafanyakazi wa Texas, walioeleza siku yao ya jana jambo kwa jambo na walivyojisikia. Safari ya kwenda kazini ilikuwa miongoni mwa mambo yenye raha ndogo kabisa. Kukaa na jamaa na marafiki kulikuwa miongoni mwa yenye raha kubwa. Maana yake ni kuwa siku yenye foleni yaweza kuwa siku njema, mradi ndani yake mna mtu wa kuzungumza naye.

Na hapa ndipo sisi wa Ghuba tunapoingia. Maskati iko mbele ya Germantown kwa saa nane wakati wa joto lao na saa tisa wakati wa baridi. Oman tunapumzika Ijumaa na Jumamosi, wao Jumamosi na Jumapili. Siku ya pamoja ni Jumamosi tu. Kwao ikiwa saa 2 asubuhi, Maskati ni saa 10 alasiri au saa 11 jioni. Saa hiyo ikiwekwa maalumu kila wiki, bibi akiwa na kahawa yake na wajukuu na chai yao ya asubuhi, haitangojea mtu apate nafasi.

Nasi tuna udhia wetu: joto la Julai, na foleni ya Sharjah na Dubai. Imamu Ghazali, katika Ihya, aliweka subira na shukrani katika kitabu kimoja, si viwili. Anayengoja udhia uishe ndipo ashukuru, atangoja sana. Jumamosi hii, piga simu.