Mpaka Ulipofungwa, Wimbo Ulivuka: Pwani ya Mombasa na Tanga, 1977–1983

Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara, nchini Tanzania, na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, nchini Kenya. Mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani waliufanya mlango wa mto huo kuwa mwanzo wa mstari uliogawa maeneo yao. Mstari huo uliwaacha Wadigo pande zote mbili, ukapita pia kati ya lahaja zilizo jirani: Kivumba cha Vanga na Wasini, na Kimtang'ata cha pwani ya Tanga. Hata hivyo, jamaa waliendelea kutembeleana hadi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena Novemba 1983. Makala haya yanaeleza jinsi wimbo ulivyoendelea kuwaunganisha watu wa pande hizo mbili.

Changamwe, iliyo bara magharibi ya kisiwa cha Mombasa, inadhihirisha vyema kilichopotea. Jina lake ni la mojawapo ya Tatu Taifa za Waswahili wa Mombasa. Reli iendayo Uganda hupita hapo, na hapo ndipo kilipojengwa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 kwa jina la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilibaki na reli yake na bandari zake. Lakini vina na mizani havikugawanywa. Msikilizaji wa Changamwe na mwenzake wa Tanga waliendelea kuupima wimbo kwa kipimo kimoja.

Njia ya kwanza ya wimbo ilikuwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi katika studio zake, na mawimbi hayahitaji pasipoti. Taarab ya Tanga, ambayo Black Star na Lucky Star waliitia magitaa, na ambayo sauti ya Shakila Said iliipamba, ilikwisha kuathiri taarab ya Mombasa. Kwa upande wa Mombasa, Juma Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, kwa Kimvita ambacho msikilizaji wa Tanga hakuhitaji kufasiriwa.

Njia ya pili ilikuwa wasanii wenyewe. Ndugu Wilson na George Kinyonga, wazaliwa wa Tanga, walihamia Kenya mwaka 1971, na kundi lao likajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978, mpaka ukiwa umefungwa, baadhi ya wenzao walijitenga na kuunda Les Wanyika, kundi lililokuwa na wanamuziki wa nchi zote mbili. Aidha, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, hivyo bendi zake zilitegemea Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa mnamo Januari 1979, katika nchi ambayo serikali yake na ya kwao hazikuwa zikielewana. Upande wa pili, Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alifanya kazi TUKI, Dar es Salaam, tangu 1972 hadi 1979.

Ni kweli kwamba wimbo haukuufungua mpaka. Viongozi ndio waliokubaliana. Wala haukumfikisha mtu kwenye maziko ya nduguye aliye ng'ambo. Uliloweza ni kudumisha hadhira moja, ili siku ya kufunguliwa watu wakutane wakiwa na la kuzungumza.

Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na Shakila mwaka 2016. Waliowasikiliza katika miaka ile sasa ni wazee. Mwanafunzi wa fasihi anayeichukulia taarab kuwa burudani tu hatawauliza walichosikia, nao hawatasubiri. Utafiti huo unaweza kuanzia Changamwe, barazani kwa mzee yeyote mwenye redio.