Kamera ya fundi wa Industrial Area na maswali ya Pentagon

Asubuhi Enterprise Road hujaa watu wa Mukuru wakielekea viwandani kwa miguu. Kati yao kuna fundi wa umeme mwenye kamera ya joto kwenye begi. Akiielekeza kwenye bodi ya umeme, pale waya ulipolegea panang'aa kama kaa la moto. Anakaza kabla mashine hazijazima na vibarua kurudishwa nyumbani. Na kibarua akirudishwa, siku hiyo hakuna ganji.

Soma maandishi madogo kwenye boksi la kamera ya bei nafuu: 9 Hz, au chini ya hapo. Yaani picha 9 kwa sekunde, tena za kurukaruka. Wengi hudhani ni uduni wa mashine. Wapi! Ni sheria. Kamera ya picha 30 au 60 kwa sekunde inaweza kumfuata mtu anayekimbia gizani, au kufungwa kwenye bunduki, ndiyo maana Marekani na nchi nyingine huibana. Zisizozidi 9 hupita kwa urahisi zaidi.

Ukiagiza ile ya kasi kutoka Marekani, usishangae kutumiwa fomu. Wewe ni nani? Utaitumia wapi? Utamuuzia nani? Leseni hutolewa na wizara ya biashara ya huko, lakini maombi nyeti huchunguzwa pia na DTSA, idara ya Pentagon iliyoundwa 1985 kulinda teknolojia na siri za kijeshi. Mwaka 2024 Rais Joe Biden aliitangaza Kenya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Sifa tele, lakini fomu bado ni fomu.

Na usijaze uongo. Ukiandika "kiwanda, Lunga Lunga Road" kisha kamera ipatikane mikononi mwa wapiganaji, atakayetafutwa ni wewe. Marekani ina orodha ya watu na kampuni wasiouziwa ovyo, na wauzaji huikagua kabla ya kutuma mzigo.

Hata wakubwa hunaswa. Mwaka 2018 FLIR, kampuni maarufu kwa kamera hizi, ilikubali faini ya dola milioni 30. Moja ya makosa: wafanyakazi wake wenye uraia wa nchi nyingine walifikia data ya kijeshi bila kibali. Kwa sheria hiyo, kumwonyesha mchoro asiyeruhusiwa ni sawa na kuuza nje, hata kama hakuna kasha lililopanda meli.

Waya uliolegea haukimbii, kwa hivyo picha 9 zinautosha. Wanaohitaji kasi, mfano watu wa droni, waulizie karatasi kabla ya kulipa amana.