Bendera ya Ufilipino na Heshima Yake

Asubuhi, kabla ya masomo, wanafunzi wetu husimama kwa mistari mbele ya mlingoti, na bendera, ambayo wengi kwetu huiita drapo, hupandishwa. Wengine huitazama kwa moyo. Wengine hutazama miguu yao, au humfinya jirani. Mwalimu huinua sauti, na wote hunyamaza. Lakini je, kunyamaza ndiyo heshima? Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo liko taifa moja la visiwani, mbali sana na sisi, huko mashariki ya Asia, ambalo limelazimika kulijibu kwa vita, kwa sheria, na mwisho mbele ya mahakama. Taifa hilo ni Ufilipino. Kwa kuwa wenyeji wake walio wengi ni Wakatoliki kama sisi, yafaa tusikilize habari za bendera yao.

Ilishonwa ugenini

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Wahispania waliitawala tangu mwaka 1565 hata 1898, wakaipa jina la mfalme wao, Filipo wa Pili. Kwa njia yao Injili ilienea visiwani. Lakini pamoja na Injili ulikuja utawala uliowanyima wenyeji haki zao. Mwaka 1872 mapadri watatu wazaliwa wa nchi, Mariano Gómez, José Burgos na Jacinto Zamora, waliuawa hadharani kwa kushtakiwa uasi. Watu hawakuwasahau. Mwaka 1896 wakashika silaha.

Mkuu wao, Emilio Aguinaldo, alipokuwa uhamishoni Hong Kong mwaka 1898, alimwomba mama mmoja Mfilipino, Marcela Agoncillo, ashone bendera ya taifa. Mama huyo alikuwa amesomeshwa na masista Wadominiko mjini Manila. Alisaidiwa na binti yake Lorenza, aliyekuwa bado mtoto mdogo, na Delfina Herbosa de Natividad, mpwa wake José Rizal, yule daktari na mwandishi aliyepigwa risasi na Wahispania tarehe 30 Desemba 1896. Watatu hao waliishona kwa hariri muda wa siku tano. Tarehe 28 Mei 1898 bendera hiyo ilipandishwa baada ya ushindi wa Alapan, katika jimbo la Cavite. Na tarehe 12 Juni, nyumbani kwa Aguinaldo, katika mji wa Kawit, uhuru ukatangazwa chini yake.

Basi tuone: bendera ya taifa lile haikuanzia katika nyumba ya serikali. Ilianzia mikononi mwa mama, mtoto na ndugu mwanamke aliyefiwa.

Maana ya rangi na nyota

Upande wa mlingoti pana pembetatu nyeupe, yenye pande tatu zilizo sawa. Hiyo ni ishara ya usawa na udugu, tena ni kumbukumbu ya Katipunan, chama cha siri kilichoanzisha vita vya uhuru. Katikati ya pembetatu liko jua lenye miali minane, kwa ajili ya majimbo manane yaliyotangulia kuingia vitani, kama vile Manila, Cavite, Bulacan na Batangas. Katika pembe zake ziko nyota tatu. Hati ya uhuru ilisema ya kwamba nyota hizo ni visiwa vya Luzon, Mindanao na Panay. Siku hizi nyota ya Panay huhesabiwa kuwa ya visiwa vyote vya Visayas. Rangi ya samawati ni amani, ukweli na haki. Rangi nyekundu ni ushujaa na kuipenda nchi.

Hapo pana jambo la kuhuzunisha. Hati ile ilitamka pia kwamba rangi zile tatu, samawati, nyekundu na nyeupe, zilitwaliwa kwa kuwashukuru Wamarekani, waliopigana na Hispania wakaonekana kuwa marafiki. Lakini tarehe 10 Desemba 1898, kwa mapatano ya Paris, Hispania iliwaachia Wamarekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20. Mwezi Februari 1899 Wafilipino na rafiki zao wa jana wakaanza kupigana.

Miaka kumi na miwili ya kufichwa

Wamarekani walishinda. Mwaka 1907 ilitungwa sheria ya kukataza mtu yeyote kuionyesha bendera ile mbele ya watu, hata katika kiwanja cha nyumba yake mwenyewe. Mwenye kuvunja sheria hiyo aliweza kutozwa faini au kufungwa. Katazo hilo lilidumu miaka kumi na miwili, hata likafutwa mwezi Oktoba 1919. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa katazo aliingia shule na kujifunza kusoma bila kuiona bendera ya wazazi wake hata mara moja juu ya mlingoti. Hata hivyo, siku ile sheria ilipofutwa, bendera ilirudi, wala hapakuwa na haja ya kuwafundisha watu kuipenda. Nani aliwafundisha, ikiwa shule na serikali zilikatazwa? Ni wazazi wao nyumbani.

Uhuru wenyewe ulipatikana tarehe 4 Julai 1946. Mwaka 1962 Rais Diosdado Macapagal aliirudisha sikukuu ya uhuru kwenye tarehe 12 Juni, siku ile ya Kawit.

Adabu zake

Sheria ya bendera inayofuatwa sasa ilitiwa sahihi mwezi Februari 1998. Tutaje machache tu. Kila Jumatatu asubuhi bendera hupandishwa katika shule na ofisi za serikali, na Ijumaa jioni huteremshwa kwa taratibu. Wimbo wa taifa ukiimbwa, watu huielekea bendera, wakiweka kiganja cha kuume juu ya kifua upande wa moyo. Ni marufuku kuifanya kitambaa cha meza au pazia, na kuiandika maneno. Siku ya msiba hupandishwa kwanza mpaka kileleni, ndipo hushushwa nusu mlingoti. Ikifunika jeneza la askari au raia aliyestahili heshima hiyo, haishuki naye kaburini wala haigusi udongo: hukunjwa na kukabidhiwa jamaa zake. Tena ikichakaa haitupwi. Huteketezwa kwa moto, kwa heshima.

Iko desturi moja isiyo ya kawaida kwa mataifa. Wakati wa amani rangi ya samawati hukaa juu. Wakati wa vita bendera hugeuzwa, nyekundu ikawa juu. Kwa hiyo mwezi Septemba 2010, katika mkutano huko New York, bendera hiyo ilipowekwa kinyume nyuma ya Rais wa Ufilipino, serikali ya Marekani iliomba radhi. Kosa hilo lilikuwa la mkono tu, lakini bendera ilikuwa imetangaza vita.

Watoto wa Cebu

Sasa twafika penye swali letu. Mwaka 1955 sheria ilizilazimisha shule zote za Ufilipino kuisalimu bendera, na mwaka 1959 Mahakama Kuu ya nchi ilikubali ya kwamba mwanafunzi anayekataa aweza kufukuzwa. Miaka thelathini baadaye, katika kisiwa cha Cebu, watoto wa Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shuleni. Hawakufanya fujo wala matusi. Walisimama kimya wakati wenzao walipoimba, kwa kuwa waliamini ya kwamba saluti ile ni ibada ipasayo Mungu peke yake. Wazazi wao walishtaki. Tarehe 1 Machi 1993 Mahakama Kuu iliigeuza hukumu yake ya zamani: watoto wanaosimama kwa utulivu wasifukuzwe kwa sababu ya imani yao. Na sheria ya mwaka 1998 yasema hivyo hivyo: asiyeweza kuimba kwa ajili ya dini yake na asimame wima kwa adabu.

Sisi Wakatoliki hatushiriki fikira za watu wale juu ya bendera. Kanisa latufundisha ya kwamba kuipenda nchi na kuitumikia ni wajibu ulio chini ya amri ya nne, kama kuwaheshimu baba na mama. Kuisalimu bendera si kuiabudu, kama vile kumpigia magoti mzee si kumfanya mungu. Lakini Kanisa hilo hilo, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, lilitamka ya kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Mahakimu wa Manila waliwatendea haki jirani zao, na yatupasa kufurahi.

Tulinganishe, basi, mambo haya mawili. Sheria ya 1907 ilitaka kuing'oa bendera mioyoni mwa watu, ikashindwa. Sheria ya 1955 ilitaka kuipanda kwa nguvu mioyoni mwa watoto, nayo ikashindwa. Wazee walisema: hiari yashinda utumwa.

Tukiri, sisi tulio walimu, ya kwamba mara nyingi twatunza unyofu wa mistari kuliko mioyo iliyomo ndani ya mistari. Tumwadhibu mchokozi, ndiyo. Lakini kwanza tumwambie rangi zile zina maana gani, na nani walikufa kwa ajili yake. Nanyi wazazi, msituachie kazi hii peke yetu. Jioni moja, baada ya sala, mwulizeni mtoto bendera yake yasema nini. Asipojua, mwelezeni. Marcela Agoncillo alipoketi kushona, alimweka binti yake mdogo kando yake.