Herufi Tatu Zilizojirudia Mno

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nawasimulia watu waliosaka kitu kilichojificha ndani ya mwili wa binadamu vizazi na vizazi.

Mwaka 1968, mjini Los Angeles, Marekani, mama mmoja aitwaye Leonore Wexler alikuwa akivuka barabara huku akiyumba. Polisi akamkemea: huoni haya kulewa asubuhi yote hii? Mama wa watu hakuwa amegusa hata tone la pombe. Madaktari walimkuta na ugonjwa wa Huntington, uleule uliowaua baba yake na kaka zake watatu. Ugonjwa huo huharibu seli za ubongo taratibu. Viungo hujichezea vyenyewe, fikra huvurugika, tabia hubadilika. Na mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi.

Leonore alikuwa na mabinti wawili, Alice na Nancy. Nancy hakukaa akajiinamia. Alikuwa amesikia kuwa kando ya Ziwa Maracaibo, nchini Venezuela, kuna vijiji vya wavuvi vyenye wagonjwa wengi kuliko kwingine kokote duniani. Akaenda mwaka 1979, na kwa miaka mingi akawa anarudi na wenzake, wakichukua damu na kuandika nani kazaliwa na nani. Wanakijiji walisita. Wakaonyeshwa kovu dogo mkononi mwa Nancy, mahali alipokatwa kipande cha ngozi kwa ajili ya utafiti. Wakaelewa kuwa huyu ni mwenzao. Orodha ya ukoo ikakua hadi ikapita watu 18,000.

Damu ilisafirishwa hadi Boston, kwenye maabara ya James Gusella. Hapa tegeni masikio. Vinasaba vyetu vimeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, C na G, lakini zinafuatana kwa mabilioni, katika jozi 23 za kromosomu. Siku hizo hapakuwa na njia ya kuzisoma zote. Ukimtafuta mtu usiyemjua katika mji mkubwa, ukaambiwa anakaa jirani na mbuyu, utatafuta mbuyu kwanza. Gusella naye alitafuta alama: kipande cha vinasaba kinachorithiwa pamoja na ugonjwa kwa sababu kiko jirani na jeni, yaani sehemu ya vinasaba, inayouleta.

Lakini nani angelinganisha alama na ugonjwa kwa ndugu wote wale? Kazi hiyo ilikwenda Chuo Kikuu cha Indiana, kwa Michael Conneally, aliyekuwa na programu ya kompyuta ya kupiga hesabu za urithi. Mwaka 1983 jibu likatoka: jeni iko kwenye kromosomu ya 4.

Mbuyu ulikuwa umepatikana. Nyumba yenyewe ilichukua miaka kumi zaidi. Mwaka 1993 timu sita zilizoshirikiana zikaikuta jeni. Ndani yake herufi C, A, G zinajirudia mfululizo. Kwa watu wengi hujirudia chini ya mara 27. Marudio yakifika 40 au zaidi, ugonjwa huja. Leo kipimo cha damu kinaweza kuhesabu marudio hayo, ingawa wengi walio hatarini huamua wasipimwe, maana dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Nancy mwenyewe, mwaka 2020, alitangaza kuwa naye anaugua.

Kazi kama ya Conneally sasa huitwa bioinfomatiki, na maabara zinazochunguza ubongo zinaihitaji kila siku, kwa kuwa kompyuta hupokea vinasaba vya maelfu ya watu ambavyo hakuna jicho linaloweza kuvipitia. Basi yule kati yenu anayeogopa sindano lakini anapenda hesabu asijitoe. Jeni hii ilipatikana kwa damu ya wavuvi, kwa mikono ya wauguzi, na kwa mtu aliyekaa Indiana akipiga hesabu.