Jicho vivu: Mtoto anayemwaga uji kila siku huenda si mzembe

Mtoto anayemwaga uji mezani, anayejikwaa kwenye ngazi ya mlangoni au anayeshindwa kudaka mpira ambao wenzake wanaudaka, nyumbani huitwa mzembe. Wengine huchapwa. Kabla ya kumwita hivyo, mzazi, chukua kalamu mbili.

Shika moja wima mbele ya mtoto, ncha ikiwa juu, mahali ambapo mkono wake unafika bila shida. Mpe ya pili, mwambie aishushe taratibu mpaka ncha yake iguse ncha ya kalamu yako. Jaribu kwanza wewe mwenyewe ukiwa umefungua macho yote mawili, kisha funga moja. Utaona kalamu inavyopita mbele au nyuma ya ile nyingine. Mtoto anayekosa hivyo mara kwa mara huku macho yake yote yako wazi anahitaji kupimwa.

Jaribio hili si kipimo cha hospitali. Linaonyesha tu kama macho mawili yanashirikiana kupima kina, yaani kujua kitu kiko karibu au mbali kiasi gani. Moja ya sababu za ushirikiano huo kukosekana ni jicho vivu.

Tatizo liko kwenye ubongo

Macho yetu yameachana kidogo, hivyo kila moja huona picha yenye tofauti ndogo. Ubongo huziunganisha picha hizo mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayotupa kina. Ndiyo maana unaweza kutunga uzi kwenye sindano bila kuhangaika.

Kwa mtoto mwenye jicho vivu, jicho lenyewe mara nyingi linaonekana zima kabisa. Ila katika miaka ya mwanzo, wakati ubongo unajifunza kuona, jicho hilo lilileta picha hafifu au isiyolingana na ya mwenzake. Ubongo ukazoea kuipuuza. Sababu kubwa ni tatu: makengeza, jicho moja kuhitaji miwani kuliko jingine, na kitu kinachoziba mwanga, kama mtoto wa jicho au kope iliyolegea. Duniani, tatizo hili huwapata takriban mtoto 1 hadi 2 kati ya kila 100.

Wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa watoto wa paka kwamba jicho likizibwa katika umri mdogo, sehemu ya ubongo inayolihudumia hubadilika hata jicho lenyewe likiwa zima.

Kwa nini mtoto halalamiki

Ukipita na basi kutoka Morogoro kwenda Mikumi, ndani ya hifadhi utamwona twiga aliyefichwa nusu na mti, ukajua mara moja kwamba mti uko mbele yake. Vichaka vya kando ya barabara vinakimbia kwa kasi, huku milima ya mbali ikiwa kama imesimama. Kutambua hayo yote kunahitaji jicho moja tu.

Mtoto mwenye jicho vivu hutumia ishara hizo hizo. Hajawahi kuona tofauti, hivyo hana cha kulalamikia. Shida yake hujitokeza zaidi kwenye vitu vya karibu: kikombe, sindano, ngazi, mpira unaomjia usoni.

Kuna hatari nyingine inayosahaulika. Jicho zima likichomwa na kijiti shambani au kupigwa na jiwe, mtoto anabaki na jicho ambalo halikuwahi kufundishwa kuona vizuri.

Matibabu yana mpangilio

Hatua ya kwanza ni kulipa jicho picha safi. Ikihitajika miwani, ivaliwe kila siku. Ikiwa ni mtoto wa jicho, upasuaji usicheleweshwe. Kwa baadhi ya watoto, miwani pekee huliamsha jicho vivu.

Hatua ya pili ni kuzuia jicho zuri kwa muda, ili lile vivu lifanye kazi. Daktari huelekeza kiraka au matone ya atropini, ambayo hufifisha jicho zuri kwa muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Amerika Kaskazini uliwafuatilia watoto 189 walio chini ya miaka 7, wenye tatizo la kiwango cha kati. Waliofunikwa jicho kwa saa 2 kwa siku waliendelea vizuri sawa na waliofunikwa saa 6.

Lakini usimfunike mtoto kwa kukisia. Kiraka kikizidi, jicho zuri nalo linaweza kudhoofika. Na dawa ya kienyeji isiingie kwenye jicho kabisa.

Hatua ya tatu ni macho mawili kufanya kazi pamoja. Hapa wazazi wengi huanza na mazoezi kabla ya miwani na kiraka. Ubongo hauwezi kuunganisha picha mbili ikiwa moja bado ni ukungu. Upasuaji wa makengeza hunyoosha macho, lakini peke yake hauamshi jicho vivu.

Mazoezi ya nyumbani

Wakati wa kiraka, mpe mtoto kazi inayomfanya atulie na kutazama: kuchambua mchele, kutunga shanga, kuchora, kupanga kete za bao. Faida kubwa ni kwamba hatakibandua. Chagua saa ambazo yuko nyumbani. Kwa wanaoishi Mikumi, kando ya barabara kuu yenye malori usiku na mchana, asitumwe dukani akiwa na kiraka.

Kiraka kikitoka, mwache acheze kwa macho mawili: rede, gololi, kudaka mpira wa matambara ukianzia karibu, kumimina maji kutoka kikombe hadi chupa. Michezo hii humpa mazoezi ya kupima kina, ila haichukui nafasi ya matibabu.

Ukishawishiwa kununua programu ya simu inayotibu jicho vivu, kumbuka utafiti wa mwaka 2016 nchini Marekani kwa watoto 385. Mchezo wa kompyuta kibao haukukishinda kiraka cha saa 2, na kuona kina hakukuongezeka zaidi kwa waliocheza.

Umri si kifungo

Matokeo mazuri zaidi hupatikana kabla ya miaka 7. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2005 kwa watoto 507 wa miaka 7 hadi 17 ulionyesha kwamba takriban nusu ya wale wa miaka 7 hadi 12 waliopata matibabu kamili waliona vizuri zaidi.

Mwanasayansi wa Marekani Susan Barry, aliyekuwa na makengeza tangu utotoni, alianza kuona kina akiwa na miaka 48 baada ya mazoezi ya macho. Si kila mtu hufika huko, hasa makengeza yakianza utotoni kabisa. Hata pasipo kina kamili, jicho la pili linaloona ni akiba ya maisha.

Anza wapi

Shuleni, mtoto mwenye jicho moja zuri husoma ubao bila shida. Vijijini Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba walimu waliofundishwa waliweza kuwatambua wengi wa wanafunzi wasioona vizuri kwa macho yote mawili. Jicho vivu ni tofauti: bila kupima kila jicho peke yake, hupita bila kuonekana.

Nyumbani, mfunike jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Akitulia upande mmoja, lakini upande wa pili akalia au kusukuma mkono wako, mpeleke akapimwe. Anzia zahanati au kituo cha afya na uombe rufaa ya kliniki ya macho, Kilosa au Morogoro mjini. Wanaohitaji bingwa wa macho ya watoto hupelekwa Muhimbili au CCBRT jijini Dar es Salaam, na sasa treni ya SGR ina kituo Kilosa.

Ukiona mboni inang'aa nyeupe, hata kwenye picha ya simu, usisubiri: nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa saratani.

Ukiwa mbele ya mtaalamu, uliza maswali matatu: jicho lipi ni vivu na kwa nini, afunikwe saa ngapi kwa siku, na turudi lini kupimwa tena. Andika majibu, kisha mpe nakala mwalimu wake.